Bandi za Fundi Tisa

Shangazi yangu alipokuwa darasa la kwanza, mwalimu aliwaambia watoto wainue mikono wahesabu vidole. Wenzake wote walifika kumi. Yeye akafika tisa, akarudia, akapata tisa tena, akalitaja jibu kwa sauti kubwa kuliko wote. Mwalimu akadhani ni ukaidi. Akamwita mbele, akamshika mkono wa kushoto amhesabie mwenyewe, halafu akauachia haraka kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Kidole cha pete na kidole cha mwisho vilikuwa kitu kimoja. Kucha mbili, ngozi moja, kuanzia shinani mpaka juu.

Tangu siku hiyo wakamwita Tisa. Alipojifunza ushonaji akawa Fundi Tisa, na kibao kilicho juu ya mlango wa chumba chake cha kazi kimeandikwa hivyo hivyo kwa rangi nyekundu. "Kitu pekee nilichotoka nacho shuleni ni hilo jina," husema. "Ningeliacha wapi?"

Chumba chenyewe kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, meza ya kukatia, benchi la wateja karibu na mlango, cherehani nyeusi ya kukanyaga, na kitanda chembamba kwenye kona. Kamba imevutwa kutoka ukuta hadi ukuta, na hapo nguo zilizokwisha hutundikwa zikisubiri wenyewe. Ukiingia kutoka juani, kwa muda mfupi huoni nguo, unaona watu. Wamesimama kimya, wembamba, hawana vichwa. Nimekua nikiwaona, na bado huwa nawasalimia kimoyomoyo, nisije nikaonekana sina adabu.

Kile kidole kipana kilikuwa mali. Fundi anapokanyaga cherehani, mkono wa kulia husukuma na wa kushoto hulaza kitambaa. Kidole cha shangazi kilipita juu ya kitambaa kama pasi isiyo na moto, kikakinyoosha kabla hakijafika kwenye sindano. Hakuna mshono wake uliowahi kukunjamana. Mafundi wa mtaani walikuwa wakisema kwa wivu, "Yule ana kifaa cha ziada."

"Pungufu," aliwajibu. "Hesabuni vizuri."

Pete ya ndoa aliivaa mkono wa kulia, maana wa kushoto haukuwa na pa kuivalia. Wanaopendana husemwa ni chanda na pete. Ya shangazi ilibidi ihamie ng'ambo ya pili. Mumewe alikuwa dereva wa lori. Alienda safari ya siku tatu, na sasa yapata miaka kumi na mmoja. "Aliondoka na sufuria yangu kubwa," shangazi husema. "Hiyo ndiyo inayoniuma."

Sasa, mwaka huu kile kidole kikaanza kujikunja. Kidole cha mwisho ni kifupi, cha pete ni kirefu, na kifupi kilikuwa kinamvuta mwenzake tangu utotoni, kidogo kidogo, mpaka kirefu kikashindwa kunyooka. Pasi ikawa ndoano. Kitambaa kikawa kinanasa chini yake. Siku moja kidole kilinasa pamoja na kitambaa, kikavutwa chini ya kile kiguu cha chuma kinachokandamiza nguo, na sindano ikapita kwenye kucha ikatokea upande wa pili. Shangazi hakupiga kelele. Alirudisha gurudumu nyuma kwa mkono, polepole, sindano ikapanda, akaniambia nimletee kitambaa kisicho cha mteja.

Ndipo akakubali kwenda hospitali. Ilikuwa likizo ndefu, baba yangu akanituma nikae naye. "Kamsaidie dada yangu," alisema. "Na upunguze maswali. Mgonjwa anatakiwa apone."

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, utadhani kuna mtoto amelala karibu. Aliuweka mkono wa shangazi juu ya meza, akachukua kalamu, akaanza kuchora kwenye ngozi. Hakuchora mstari mmoja katikati ya vidole kama nilivyotegemea. Alichora pembe tatu, moja ikienda huku, nyingine kule, kama meno ya mamba aliyefunga mdomo.

"Kwa nini usinyooshe tu?" nikauliza. Shangazi akanikanyaga mguu.

"Kovu lililonyooka hukaza likikauka," daktari akasema. "Litavuta kidole, tutarudi tulipotoka."

"Kitambaa ukikikata wima hakivutiki," shangazi akadakia. "Ukikikata mshazari kinavutika. Ndiyo hiyo?"

Daktari akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Ndiyo hiyo, mama."

"Lakini daktari, hapa hujaacha nafasi ya mshono."

Akacheka. "Ngozi haiachiwi nafasi. Tunakutanisha ukingo kwa ukingo."

"Basi haitatosha. Sketi moja huwezi kuigeuza suruali bila kuongeza kitambaa. Miguu miwili ina pande za ndani."

"Umesema kweli, haitoshi." Akaugeuza mkono, akachora umbo lingine mgongoni mwake, chini kidogo ya vifundo. "Kwa hiyo hiki tutakigeuza kiende kati ya vidole, kiwe sakafu ya ule uwazi. Hatukikati chote. Upande mmoja unabaki umeshikamana ili damu iendelee kupita. Kinalala chini kama kola ya shati."

Shangazi akakitazama kile kipande cha mgongo wa mkono wake. Kilikuwa na alama ndogo nyeusi ya kuzaliwa, kama nukta.

"Na hii itahama nacho?"

"Itahama."

Halafu daktari akasema jambo ambalo tulilibeba mpaka nyumbani. Pembeni mwa vidole patabaki sehemu chache mbichi zisizofunikwa, zijifunge zenyewe kwa wiki kadhaa. Katika wiki hizo vidole visilale pamoja hata mara moja. Lazima shashi, kile kitambaa laini cha vidonda, ikae katikati, mchana na usiku. "Vikigusana vikiwa vibichi, vitashikana. Na safari ya pili sina ngozi ya kugeuza. Hicho kirefu kitabaki kimekunjwa maisha yako yote."

"Na cherehani?" shangazi akauliza.

Daktari akafunika kalamu.

Walimfanyia kazi akiwa macho, mkono tu ukiwa na ganzi. Nilimkuta jioni wodini, mkono umefungwa mpaka ukawa mkubwa kama mto. Akaniashiria nisogee.

"Nikuambie kitu, usimwambie baba yako, atasema nimechanganyikiwa. Walipoutia ganzi mkono nilikuwa nimeuinua juu. Baadaye wakaulaza kwenye kimeza pembeni, wakanifunika kwa shuka la kijani. Lakini mimi niliendelea kuuhisi uko juu. Muda wote, mwanangu. Wanakata huku pembeni, na mkono wangu uko juu hewani, umenyooka, mzima, vidole vimeshikana vile vile."

"Ulishuka lini?"

Akafikiri. "Sijauona ukishuka," akasema.

Wiki mbili zikapita na ule mto mkononi. Siku ya kuufungua, muuguzi wa vidonda, mama mnene mcheshi ambaye kila mtu anamwita Sista, alikata bendeji tabaka kwa tabaka. Vidole vilikuwa viwili. Vyekundu, vimevimba, na mishono yao ilikwenda pembe pembe kama zipu iliyoharibika, lakini viwili. Katikati yao, chini kabisa, kwenye sakafu ya uwazi, ile nukta nyeusi ilikuwa imekaa utadhani imezaliwa pale.

"Haya, Fundi Tisa," Sista akasema, "sasa tukuite Kumi?"

"Subiri kwanza vikae. Usimpe mtoto jina kabla hajapona surua."

Sista akavifunga kimoja kimoja, akaweka shashi nene katikati. Shashi ilipofika chini, shangazi akageuka ghafla akatazama nyuma yake.

"Nani?" akauliza.

Nyuma yake palikuwa na ukuta na bango la kunawa mikono.

Nyumbani hali hiyo ikaendelea. Niko jikoni naosha vyombo, nasikia, "Usinishike, nimekuambia mkono unauma!"

"Shangazi, niko huku."

"Haya," anajibu.

Au tumekaa wawili, tunaongea habari za watu, anakatiza maneno katikati na kutazama mgongo wa mkono wake wa kushoto. Anaupangusa kwa ule wa kulia, kama mtu anayefukuza nzi. Nzi hayupo. "Kuna mtu ananigonga hapa," alisema siku moja. "Kwa kidole kimoja. Kama mteja anayetaka nimtazame." Alisema bila woga, na hilo ndilo lililonitisha mimi.

Vidonge vya maumivu vilikuwa vinampa usingizi. Kila siku saa nane mchana alijilaza kwenye kile kitanda cha kona, mgongo umeegemea ukuta, mkono wa kushoto juu ya mto mapajani. Saa hiyo mtaa mzima hunyamaza. Hata redio ya jirani huzimwa. Nguo kwenye kamba husimama tu.

Siku ya nne tangu ule mto ufunguliwe nilimletea chai alipoamka, nikaona shashi iko sakafuni. Nikainama kuiokota. Nilipoinuka nikaona vidole. Vilikuwa vimelala pamoja, bendeji kwa bendeji, na katikati yake ulipita uzi mweupe. Mishono sita, yote sawa, kama imepimwa kwa rula.

Fundi akitaka kushikiza vipande viwili kabla ya kuvishona hasa, hupiga bandi: mishono mirefu ya mkono, ya muda tu, ya kufumuliwa baadaye. Vidole vya shangazi vilikuwa vimepigwa bandi.

Alinitazama mimi. "We mtoto. Huu ni mchezo gani?"

"Sio mimi!"

"Tuko wangapi humu ndani?"

"Shangazi, mimi hata kifungo kinanishinda. Uliniambia mwenyewe, ulisema nashona kama kuku anaparua!"

Hilo hakuweza kulikataa. Tukafumua kwa mkasi mdogo. Nikarudisha shashi. Alasiri ile nilikagua komeo la mlango mara tatu.

Kesho yake ilikuwa vile vile. Kesho kutwa yake pia.

Sista alipofungua bendeji siku ya kliniki, uso wake ukabadilika. Pale chini, bendeji zinapoishia, upande wa kidole kirefu, ngozi ilikuwa imeanza kushikana, utando mwembamba kama ule wa ndani ya ganda la yai. Aliumwagia maji ya chumvi, akautenganisha taratibu. Shangazi aliuma kanga yake, machozi yakamtoka bila sauti.

"Nani anamfunga huyu mgonjwa vidole?" Sista akauliza. Wote wawili wakanitazama mimi. Sista akaendelea, sasa bila utani. "Leo nimeutenganisha kwa maji. Ukishikana tena mtaenda kwa daktari, na mnajua atawaambia nini."

Tulirudi kwa miguu, shangazi akitangulia. Nilikuwa na hasira kuliko woga. Siku ile ilipofika saa nane nilimwambia naenda dukani. Nikafungua mlango, nikaufunga nikiwa bado ndani, nikasimama kwenye kamba kati ya magauni mawili marefu. Niliwaomba radhi wenyeji.

Shangazi alilala. Mdomo ulifunguka kidogo, pumzi ikawa ndefu. Nilihesabu mpaka mia tatu na kitu. Halafu mkono wa kulia ukanyanyuka.

Uso haukubadilika. Macho yalikuwa yamefumba. Mkono peke yake ulipanda mpaka kwenye pindo la kola ya gauni lake, ukachomoa sindano iliyokuwa imejificha mle na uzi wake. Ukaipeleka sindano mdomoni, meno yakaishika. Kisha ukaenda kwenye mkono wa kushoto na kuchomoa shashi, ukaiacha idondoke. Ukapapasa vile vidole viwili, ukingo wa huyu, ukingo wa huyu, kama anavyopapasa kitambaa kujua upande wa nje. Ukavikutanisha. Ukachukua sindano kutoka kwenye meno.

Mishono ilikuwa mizuri mno. Hiyo ndiyo sehemu ninayoiota mpaka leo. Sindano ilipita kwenye bendeji tu, haikugusa nyama hata mara moja.

Nilitoka kwenye magauni. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine. "Shangazi. Unafanya nini?"

"Namalizia," akajibu. Macho yamefumba.

"Unamalizia nini?"

"Pameachwa wazi hapa. Mteja anasubiri."

"Mteja gani, shangazi?"

"Huyu anayenigonga."

Nilimshika mkono, nikamnyang'anya sindano. Ulikuwa wa baridi na haukupinga. Lakini ule mkono, mtupu, ukaendelea. Ulichoma hewa, ukavuta hewa, ukachoma, ukavuta, mpaka ukafika mwisho wa vidole, ukazungusha mara mbili kufunga uzi ambao haukuwepo. Ndipo ukalala.

Alipoamka nilimweleza yote. Alicheka. Nikamwonyesha mishono mitatu niliyoiwahi ikiwa bado kwenye bendeji. Akaisogeza karibu na dirisha. Mafundi wengi hufunga fundo mwanzoni mwa uzi. Yeye hafungi, hurudia mshono wa kwanza mara mbili, ili fundo lisiache alama kwenye kitambaa cha mteja. Aliutazama ule mwanzo kwa muda mrefu.

"Hii bandi ni yangu," akasema.

Halafu akaketi juu ya mkono wake wa kulia. Aliukalia kabisa, kama mtoto anayekalia kitu alichoiba.

Kesho yake tulirudi kwa Sista bila kuitwa. Nilitegemea ataogopa. Alisikiliza, akafungua bendeji, akachukua pamba kidogo. "Fumba macho, mama. Niambie nakugusa wapi." Akaigusa ile nukta nyeusi chini ya uwazi, taratibu kabisa.

"Mgongoni mwa mkono," shangazi akasema. "Hapo hapo anaponigonga."

Lakini Sista aligusa katikati ya vidole. Mgongo wa mkono haukuguswa na kitu.

"Ile ngozi haijui kama imehama," Sista akasema. "Neva zake ni zile zile za zamani. Shashi ikigusa hapa chini, inapiga simu kwa anwani ya zamani. Wagonjwa wengine wanapata hivyo, sio wewe tu. Inabidi uifundishe: kila siku uguse hapo huku unapatazama, uiambie, ni hapa unapokaa sasa. Inajifunza. Inachukua miezi."

"Na huo mkono mwingine?" nikauliza.

Sista aliutazama ule wa kulia, uliokuwa umetulia mapajani. "Huo hatujasomea," akasema.

Sote tukacheka, lakini sio sana.

Baba yangu angesema mficheni sindano. Tulificha. Jaribu wewe kuondoa sindano kwenye nyumba ya fundi. Tulizitoa kwenye boksi, kwenye mito, kwenye pazia, kwenye kola za nguo zote, kwenye kalenda ya ukutani alikokuwa amechomeka tatu. Nikazifungia kwenye kopo, nikampa jirani. Siku hiyo saa nane, mkono ulinyanyuka, ukapapasa kola, ukapapasa mto, ukashuka kwenye ufa wa ukuta nyuma ya kitanda, ukatoka na sindano yenye kutu. Mwenyewe alipoamka hakujua kama ilikuwepo. Tulijaribu kuufunga huo mkono kwa mtandio kwenye mguu wa kitanda. Shangazi hakulala hata kidogo. "Nahisi kama nimemfunga mtu," alisema, "na huyo mtu ananitazama."

Nilikaa kwenye benchi nikafikiri. Mkono haukuwa na nia mbaya. Miaka ishirini na tano umekuwa ukikuta vitu viwili vimeachana na kuviunganisha. Umekuta uwazi, na juu ya uwazi kuna anayebisha hodi. Ungefanya nini kingine? Nikaona labda tusiuzuie. Labda tuupe kazi.

Kesho yake, alipolala, niliweka mapajani mwake vipande viwili vya kitambaa kilichobaki, vimelala sambamba, vimeachana kidogo. Nikachomeka sindano yenye uzi kwenye kola yake mimi mwenyewe. Mkono ukanyanyuka, ukachomoa sindano, ukaelekea kushoto. Nikavisogeza vile vipande chini yake. Ukasita. Ukapapasa ukingo wa huyu, ukingo wa huyu.

Ukaanza kushona kitambaa.

Nilikaa chini sakafuni, nikautazama ukishona.

Ikawa ndiyo kazi yangu. Asubuhi tulikaa dirishani, shangazi akiigusa ile nukta kwa ncha ya penseli na kuitazama, akiiambia kwa sauti, "Hapa. Hapa. Umesikia? Hapa." Mchana nilitega vipande. Kila siku mkono ulipata viwili vipya, na kila siku uliviunganisha na vya jana, bila kuonyeshwa mahali vya jana vilipoishia. Ikatoka kama shuka refu jembamba. Shangazi akilikagua jioni alikuwa akitikisa kichwa. "Kumbe fundi ni huyu wa usingizini. Mimi wa macho nilikuwa nawaibia wateja."

Wiki ya tano Sista alipitisha utepe wa shashi kati ya vidole, akauvuta mpaka chini kabisa, ukagusa nukta, ukarudi. Pembeni pamefunga karibu pote, imebaki sehemu moja mbichi, ndogo kama punje ya mchele. "Siku kumi tu zaidi," akasema. "Siku kumi visilale pamoja."

Tatizo ni kwamba shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Mimi nalala bweni. Baba anatoka kazini jioni. Hakuna mtu mwingine wa kukaa saa nane na kutega vitambaa.

"Nitajitegea mwenyewe kabla sijalala," shangazi akasema.

"Ukijitegea mwenyewe, utajua. Ukijua, labda na huo mkono utajua."

"Basi nitakunywa kahawa."

"Siku kumi?"

Alivitazama vidole vyake vilivyoachana, akavinyoosha. Kile kirefu kilinyooka karibu chote. Alikiweka juu ya meza ya kukatia, akakipitisha juu ya mbao polepole, kama analaza kitambaa ambacho hakipo. "Nisipoweza kulala na mikono yangu mwenyewe," akasema, "nitafanya nini maisha yaliyobaki? Kesho usiweke kitu. Tuone."

"Na ukivishona?"

"Utakuwepo. Utafumua. Na Jumatatu nitamwambia Sista anilaze wodini."

Jumamosi saa nane akalala. Sikuweka kitambaa. Sindano ilikuwa kwenye kola, kwa sababu alisema jaribio bila sindano sio jaribio. Nilikaa kwenye benchi la wateja, mkasi mdogo mkononi.

Mkono ukanyanyuka. Ukachomoa sindano. Meno yakaishika. Ukapapasa mapajani, kushoto, kulia, ukitafuta vipande vyake. Havipo. Ukatulia hewani kitambo kirefu, na nilijua umetambua. Ukaenda kwenye mkono wa kushoto. Ukachomoa shashi. Nilisimama. Nilikuwa nimeahidi kusubiri mpaka mshono wa kwanza.

Ukingo wa huyu. Ukingo wa huyu. Halafu, badala ya kuvikutanisha, kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikaingia katikati. Kikashuka kwenye uwazi, taratibu, kikigusa pande zote mbili, kama mtu anayeshuka ngazi asizozijua gizani. Kikafika chini, kwenye nukta. Kikagonga. Mara moja, halafu tena.

Niliutazama mgongo wa mkono wa kushoto. Safari hii hakuna aliyeupangusa, na shangazi hakugeuka. Ile ngozi ilikuwa imejua inakokaa.

Kidole kikakaa pale, pumzi tatu, nne. Kikatoka. Mkono ukaichukua ile shashi kutoka kwenye mto, ukairudisha mahali pake na kuisukuma vizuri mpaka chini, kuliko hata mimi ninavyoiweka. Ukapanda, ukaitoa sindano kwenye meno na kuichomeka kwenye kola.

"Huyu tayari," shangazi akasema, macho yamefumba, kwa ile sauti anayoitumia kazi ikiwa nyingi. "Aje mwingine."

Niliketi tena, nikageuka kutazama. Kwenye benchi hapakuwa na mtu ila mimi. Nikajikuta nimesogea pembeni kumpisha.